Runinga mpya inchi 55, lakini chaneli za SD zinaonekana vibaya kuliko kwenye chogo. Nimekosea wapi?

Mwana wa Kwanza

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie, maana leo ni siku ya nne nazunguka na rimoti mkononi na sijafika popote.

Baba yangu amekaa na runinga ya chogo, inchi 21, miaka mingi sana. Mzee macho yameanza kupungua nguvu, nikasema ngoja nimfanyie jambo la maana. Nikamchukulia ya bapa, inchi 55, HD kamili, ile ya pikseli, yaani nukta za picha, 1920 kwa 1080. Nikaifunga ukutani kwa mikono yangu, nikachomeka king'amuzi chake kilekile kwa waya wa HDMI, nikamwita aje akae. Kiti chake kiko mita mbili kutoka kwenye kioo, nimepima.

Akaangalia taarifa ya habari kama dakika kumi, kimya. Kisha akasema, "Watu wamenenepa." Baadaye kidogo, "Huyu mtangazaji mbona kama amepigiwa chokaa kuzunguka kichwa?" Ulipoanza mpira akavumilia mpaka karibu na mapumziko, akaniambia, "Mpira wenyewe unapotea." Halafu akauliza ile yake ya zamani nimeiweka wapi.

Iliniuma, siwafichi. Nilitaka afurahi.

Mimi mwenyewe nikisogea karibu naona matatizo. Maandishi yanayopita chini ya habari yamezungukwa na vidoa vinavyochezacheza, kama kumbikumbi kwenye taa. Uwanjani, kamera ikitulia naona nyasi na mistari yake, lakini ikianza kumkimbiza winga, uwanja wote unakuwa zulia moja la kijani lisilo na nyuzi. Kamera ikisimama, nyasi zinarudi ghafla. Ila nikiweka chaneli ya HD, picha ni safi mpaka unahesabu matundu ya wavu wa goli. Kwa hiyo kioo ni kizima. Shida ni kwamba chaneli anazozipenda baba ni za SD, zile za ubora wa zamani ulio chini ya HD.

Nilichofanya mpaka sasa: ukali wa picha nimeutoa 50 nikaupeleka 80. Hali ya picha nimeweka ile ya kung'aa sana. Kipunguza chenga nimekipandisha mpaka mwisho, na kile cha kulainisha mwendo nimekiwasha. Bado ni vilevile, nahisi hata imezidi.

Je, niirudishe? Ningechukua ya 4K, ile yenye pikseli nyingi zaidi, ingekuwa nafuu? Natanguliza shukrani.

Kipanga

Mkuu, badilisha waya wa HDMI. Tafuta ule wa gharama, wenye ncha za dhahabu. Mimi nilipobadilisha waya picha ilibadilika siku hiyohiyo.

Fundi wa Zamu

Mwana wa Kwanza, hongera kwa kumkumbuka mzee. Usiirudishe runinga hiyo. Na 4K usiinunue kwa ajili ya chaneli hizo.

Tuanze na hesabu. Chaneli ya SD, kwa nchi zilizofuata mfumo wa mistari 625, inaleta picha ya mistari 576, kila mstari una pikseli 720. Jumla ni pikseli 414,720. Kioo chako kina 2,073,600. Gawanya uone: ni mara tano kamili. Yaani kwa kila pikseli moja inayoletwa na chaneli, runinga inatakiwa ibuni nne zaidi. Haina pa kuzitoa, inakisia kwa kuangalia majirani. Kwenye 4K ni mara ishirini kamili, hivyo ingebuni 19. Wenzetu wa Marekani na Japani waliokuwa na mistari 525 ndio walibanwa zaidi, maana kwao inayobeba picha ni 480 tu. Na hapo nimeipendelea chaneli. Nyingi hupunguza upana mpaka pikseli 544 ili kuokoa nafasi.

Sasa linganisha ukubwa. Chogo ya inchi 21 ilikuwa na kioo cha kimo cha kama sentimita 30. Gawanya kwa mistari 576, kila mstari unapata kama nusu milimita. Jicho zima, kwa umbali wa mita mbili, linaishia kutofautisha vitu vilivyoachana kwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Kwa hiyo mistari ya chogo ilikuwa imejificha palepale kwenye ukingo wa uwezo wa jicho. Inchi 55 ina kimo cha sentimita 68 na nusu. Mstari uleule sasa una milimita 1.2. Kiti hakijasogea, jicho ni lilelile, ila kila mstari umekuwa mnene zaidi ya mara mbili. Na chogo haikuwa na pikseli zilizokatwa kwa wembe kama hizi. Nukta moja ilikuwa inamwagikia kidogo kwa jirani yake, picha ikalainika, makosa mengi yakapotelea humo.

Ila hapa ndipo nataka usimame kidogo. Umesema mzee macho yamepungua nguvu. Mtu wa macho hayo hasumbuliwi na pikseli za milimita moja. Anayesumbuliwa nazo ni wewe, kwa sababu unasogea mpaka karibu na kioo. Rudi usome maneno yake uliyoyaandika mwenyewe. Hajalalamikia pikseli hata mara moja. Ametaja vitu vitatu, na nikikuambia kweli, kwa miaka niliyofanya kazi hii wateja wachache wamewahi kunielezea hitilafu vizuri hivyo.

"Watu wamenenepa." Chaneli hiyo bado inarusha picha ya uwiano wa 4:3, ule wa chogo, na runinga yako inaivuta ijaze kioo cha 16:9. Kila kitu kinaongezeka upana kwa theluthi moja. Uso, gari, mpira, saa ya ukutani nyuma ya mtangazaji, vyote. Yeye anawajua watu hao kwa miaka, ameona mara moja kuwa siyo wao. Ingia kwenye ukubwa wa picha, weka 4:3. Utapata kuta mbili nyeusi kulia na kushoto, ziache. Na faida nyingine ni kwamba picha haijatanuliwa, hivyo hata vile vidoa unavyoviona vitapungua upana.

"Amepigiwa chokaa." Huo ni ukali wa picha. Watu wengi wanadhani kile kitufe kinaongeza undani. Hakiongezi chochote. Kinachofanya ni kutafuta mahali penye giza linalopakana na mwanga, kisha kinachora mstari mweupe upande mmoja na mweusi upande wa pili ili mpaka uonekane umekatwa vizuri. Kwenye HD, ukiweka kidogo, hausumbui. Kwenye SD iliyokwisha kutanuliwa, mstari huo unakuwa mnene kama ulivyosema mzee, chokaa kuzunguka kichwa. Na kile kitufe hakijui kutofautisha nywele na uchafu wa picha. Wale kumbikumbi wako kwenye maandishi kimewachukua kikawanenepesha nao. Teremsha mpaka sifuri, halafu panda polepole.

"Mpira unapotea." Hili ndilo nililolipenda. Kipunguza chenga kinafanya kazi kwa kulinganisha picha moja na iliyotangulia. Kitu kidogo kilichokuwepo hapa na sasa hakipo, kinakihesabu kuwa ni chenga, kinakifuta. Mpira uliopigwa kutoka mbali, kwenye SD, ni pikseli chache nyeupe zinazokimbia. Ukikipeleka mwisho, umekiruhusu kufuta mpira. Cha kulainisha mwendo nacho kinatengeneza picha za katikati kwa kubahatisha kitu kimeelekea wapi, na kwa mpira mdogo kinabahatisha vibaya. Zima vyote viwili. Baadaye, chenga zikizidi, rudisha cha kwanza kwenye kiwango cha chini kabisa.

Hali ya kung'aa sana ni ya kuvutia macho dukani kwenye taa nyingi. Weka ya kawaida au ya sinema.

Kuhusu lile zulia la kijani, hapo sitakudanganya, hakuna kitufe. Kosa hilo limekuja na picha tangu inarushwa. Chaneli nyingi za SD zimekuwa zikibanwa kwa MPEG-2, njia ya zamani ya kubana video, na humo picha inakatwa vigae vya pikseli 8 kwa 8. Kamera ikitulia, kuna kidogo cha kubadilisha, biti, yaani tarakimu zinazobeba picha, zinatosha kuchora nyasi. Kamera ikikimbia, kila kigae kimebadilika kwa pamoja na biti hazitoshi, basi kinachotupwa kwanza ni undani mdogomdogo, na nyasi ndiyo undani wenyewe. Wale kumbikumbi wametoka kwenye ubanaji huohuo. Mafundi wa picha wanaita kelele za mbu, wewe umewapa jina zuri zaidi. Ukitaka kuona kwamba tatizo siyo idadi ya pikseli peke yake, weka DVD nzuri kwenye runinga hiyohiyo. DVD nayo ni 720 kwa 576, lakini picha yake inaruhusiwa kufika megabiti 9.8 kwa sekunde. Chaneli ya SD iliyojazwa kwenye masafa mamoja na wenzake mara nyingi inaambulia mbili au tatu. Utashangaa tofauti.

Kipanga, kwa heshima, waya wa HDMI hauongezi undani. Unabeba tarakimu. Zikifika zimefika, na waya ukiwa mbovu utaona picha inakatika au vimulimuli, siyo nyuso zenye ukungu. Kama ulitoka kwenye ule waya wa ncha tatu, njano, nyekundu na nyeupe, ukahamia HDMI, hapo nakubali kabisa kwamba uliona mabadiliko, maana ule wa njano unachanganya rangi na mwanga kwenye uzi mmoja.

Mwisho, kiti. Kanuni tunayoitumia kwa SD ni mara sita ya kimo cha kioo, kwako ni kama mita nne. Kwa HD ni mara tatu, mita mbili, ndiyo maana pale alipokaa chaneli za HD ni safi. Ukiweza kukirudisha nyuma hata nusu mita, fanya hivyo.

Badilisha kitu kimoja kimoja, na mwamuzi awe yeye, siyo wewe. Nifikishie shikamoo yangu kwa mzee.

Mtazama Mbali

Fundi kamaliza, naongeza mawili tu kutoka kwangu.

King'amuzi nacho kina mipangilio yake. Angalia kinatoa picha kwa kiwango gani. Kama kimewekwa 1080, basi kinaitanua SD chenyewe, na runinga inapokea kitu inachodhani ni HD. Ving'amuzi vingi vya bei ya chini vinatanua vibaya. Mimi niliweka kitoe kiwango kilekile cha chaneli, 576, runinga ndiyo ifanye kazi. Tofauti ilikuwa kubwa hasa kwenye mpira, kwa sababu SD inakuja nusunusu, mistari ya witiri kwanza, ya shufwa baadaye, nusu 50 kwa sekunde. Anayeziunganisha akikosea, mguu wa mchezaji unaota meno kama kitana. Runinga yangu inaunganisha vizuri kuliko king'amuzi. Yako jaribu njia zote mbili. Usumbufu wake ni kwamba ukihama kutoka SD kwenda HD kioo kinakuwa cheusi sekunde moja hivi, wasije wakadhani imekufa.

La pili, pitia orodha yote ya chaneli mpaka chini. Mara nyingi chaneli ileile ina namba mbili, ya SD iko juu, ya HD iko mbali huko ambako hakuna anayefika.

Kipanga

Fundi, nimekuelewa, ni kweli nilitoka kwenye waya wa njano. Sasa hizo kuta nyeusi zikikaa kila siku, hazitaacha alama kwenye kioo?

Fundi wa Zamu

Kwa LCD, zile zenye taa nyuma, ambazo ndizo nyingi, hapana. Kwa OLED, na plazma za zamani, ndiyo. Kila pikseli inawaka yenyewe, za katikati zinachakaa kuliko za pembeni ukikaa na 4:3 saa nyingi kila siku kwa muda mrefu. Mwenye OLED achanganye.

Mwana wa Kwanza

Wakuu, nimerudi na majibu. Nimesubiri mpaka mechi iishe ndiyo niandike.

Nilifanya kama alivyosema Fundi. Nikamkalisha baba, nikamwambia leo wewe ndiye unayeamua, mimi nabonyeza tu. Nilianza na ukubwa wa picha. Nilipoweka 4:3 zile kuta nyeusi zikatokea, akauliza kama kioo kimepunguzwa. Nikamweleza kwamba chaneli inaleta picha ya umbo la runinga yake ya zamani. Akamwangalia mtangazaji, akasema, "Sasa ndiye yeye." Kuta hajazitaja tena.

Ukali wa picha niliushusha mpaka sifuri, akasema picha imelala. Nikapanda tano tano. Kwenye 15 akanyanyua mkono, "Hapo." Nikasogea kwenye kioo niangalie. Kichwa cha mtangazaji kimekaa mbele ya pazia la bluu, nywele zinaishia kwenye pazia, hakuna mstari. Nilijaribu kwenda 20 kimyakimya bila kumwambia, akauliza kwa nini chokaa inarudi. Mtu huyuhuyu ndiye nilikuwa nasema macho yake hayaoni.

Mpira ndio ulionifundisha. Nilizima kulainisha mwendo na kipunguza chenga, nikaangalia kona inapigwa. Mpira ulitoka kwenye bendera ukapita juu ya mabeki wote ukiwa unaonekana njia nzima. Kabla ya hapo ulikuwa unatoka kwenye kona, unayeyuka, unatokea kichwani kwa mtu. Chenga zilirudi kidogo kwenye jukwaa la mashabiki, nikaweka kiwango cha chini kama Fundi alivyosema, zikatulia na mpira ukabaki.

Mtazama Mbali, king'amuzi kilikuwa kwenye 1080. Nimeweka kitoe kiwango cha chaneli, 576 kwa SD. Yale meno ya kitana yalikuwepo kweli, nilikuwa nayaona kwenye soksi za wachezaji nikidhani ni mistari ya soksi. Yameondoka. Zulia la kijani bado lipo, lakini sasa najua linakotoka na sihangaiki nalo tena. Na chaneli yake ya habari nimeikuta chini kabisa kwenye orodha, ya HD, ya 16:9 halisi. Nimeiingiza kwenye zile za upendeleo, namba moja. Akiangalia habari kuta zinaondoka, akihamia mpira zinarudi, na kile cheusi cha sekunde moja nimeshamweleza.

Kiti nimekisogeza mpaka mita mbili na nusu, nyuma yake kuna kabati, hapaendi zaidi.

Chogo bado iko stoo. Hajaiulizia tangu juzi.

Swali la mwisho kabisa. Jana nilichomeka flashi ya video za familia, chokaa ikarudi kama siku ya kwanza, nikaogopa kwamba mipangilio yote imefutika. Kurudi kwenye king'amuzi ikawa sawa. Hii ni kawaida?

Fundi wa Zamu

Kawaida kabisa. Runinga nyingi zinaweka mipangilio ya kila tundu peke yake. HDMI uliyorekebisha ina yake, flashi ina yake. Ukiwa kwenye flashi rekebisha upya hukohuko, ya king'amuzi haitaguswa. Na ziandike hizo namba kwenye karatasi uibandike nyuma ya runinga, siku mtu akirudisha mipangilio ya kiwandani usianze upya. Ukali 15, chenga chini, mwendo umezimwa, king'amuzi kiwango cha chaneli.

Mwana wa Kwanza

Nimeandika na nimebandika. Asanteni sana wote. Fundi, shikamoo yako ilifika, mzee anasema marahaba.